Mizani ya Katani

Altaf alilileta Jumanne, limefunikwa turubai jeupe
kama mgonjwa, au bwana harusi.
Lilikuwa limeshuka bandarini wiki ile. Jekundu.
Nusu ya Barabara ya Kumi na Tatu ikahamia gereji kwangu;
muuza kachori aliacha karai lake motoni.

"Fundi Shebughe," akasema, "linakwenda, ila limelala.
Lipunguze. Jumamosi napanda Amani."

Mtu hapunguzi asichokijua uzito.
Tukalipeleka Pongwe, kwenye mizani wanayopimia marobota ya katani.
Mhando karani alifuta vumbi kwenye kioo kwa kiwiko,
akaandika daftarini, chini ya lori la brashi na kamba:
gari moja, kilo elfu moja mia saba na arobaini.
Akanitazama juu ya miwani.
"Hili la mbio, au la kuhamia nyumba?"

Gari la kaka yangu Mdoe, la mwaka sabini na mbili,
lilipanda mizani hiyohiyo, Mdoe mwenyewe ndani,
na tairi la akiba, na chupa ya chai:
kilo mia tisa kasoro kumi.
Kaka alikuwa mtu wa vina. Mizani kwake ilikuwa mbili,
ya chuma na ya silabi, na zote hakuzikosea.
Chaki yake bado iko ukutani, juu ya benchi:

*Gari jepesi ni mbio, halisubiri la mbele,*
*Halitaki mapambio, mazulia na kelele,*
*Injini kwenye sikio, yanong'ona polepole,*
*Mzito wacha kilio, baki nyuma ukalale.*

Nikaanza kufungua.
Viti: kila kimoja mota nne, moja ya kukukanda mgongo.
Mwantumu, mke wangu, alijaribu, akafumba macho,
akasema hiki kibaki, toeni gari.
Zulia zito la kuzuia ngurumo isiingie,
kisha spika kumi na nne, na mbili kati yake
kazi yake kuirudisha ndani ngurumo ileile.
Injini ina mkalimani!
Kijifriji cha soda mbili. Taa za chini ya miguu.
Na uzito, niliona, huzaa:
gari zito lataka breki pana, breki pana zataka rimu kubwa,
rimu kubwa zataka injini yenye njaa,
njaa yataka tangi, na tangi likijaa
turudi Pongwe kwa Mhando.

Nikacheka peke yangu hadi magharibi.
Nilicheka mpaka nilipofika mlangoni,
mlango wa kulia, wa dereva.

Nilivua ngozi, nikavua sponji, waya, mfuko wa hewa
uliokunjwa vizuri kama kanga ya sikukuu,
na nyuma yake nikakuta nondo nene, imelala mshazari,
haina rangi, haina jina la kampuni,
mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayeitazama.
Nikaishika. Ilikuwa baridi.

Trekta la mashamba lilitokea kando, pale Mkanyageni,
saa moja asubuhi, taa moja mbovu.
Mlango wa Mdoe ulikuwa bati la biskuti.
Chai haikumwagika; chupa tuliikuta nzima.

Altaf alikuja Ijumaa. "Kilo ngapi?"
"Mia moja na sita. Friji lako lile, juu ya kabati."
"Na milango? Wenzangu wote wametoa."
Nikamwambia milango nimefunga, na spana nimepoteza.
Alilalamika bei, akalipa nusu, akaondoka
akinguruma kwa spika mbili nilizosahau.

Gari la Mdoe liko uani bado, nyuma ya mapipa.
Kuku wa Mwantumu wanatagia kiti cha nyuma.
Usiku ule nilitoka, nikauweka mkono mlangoni,
nikasukuma kwa kidole gumba, taratibu tu.
Bati likaingia, likasema *tok*.
Nilipotoa kidole, halikurudi.